Mstari Uliokatwa

Simu iliita saa tatu kasoro robo asubuhi, na mtu aliyekuwa upande wa pili hakusalimu.

"Wewe ndiye Shangazi?"

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni mtu uliyemuua."

Shangazi aliweka kikombe cha chai mezani. Katika miaka kumi na moja ya kuendesha tovuti yake alikuwa amelaaniwa na watu wengi, maana msimamizi wa kompyuta ambaye seva yake imelala hana adabu, na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kubembeleza. Lakini huyu hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayesoma karatasi, na hilo ndilo lililomfanya Shangazi avute kiti akae.

Jina hilo la Shangazi alipewa na wasomaji. Hapo mwanzo alilichukia, kwa sababu kuna mmoja aliwahi kudhani tovuti ni ya mambo ya ndoa akamwandikia kuhusu mchumba wake. Baadaye alilizoea. Walimwita hivyo kwa kuwa akiulizwa swali hugomba kwanza, halafu husaidia, na akishasaidia hugomba tena kidogo ili somo likae. Kabla ya tovuti alikuwa amesimamia kompyuta kubwa za idara ya maji kwa miaka kumi na saba, zile zinazofungiwa kwenye chumba cha baridi na ambazo hakuna mtu anayejua kama zipo mpaka zizime. Alipostaafu mapema alianza kuandika yale aliyoyajua, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kwa ajili ya wenzake walioachwa peke yao na mashine katika maofisi, shule na hospitali, wasio na wa kumuuliza. Sasa kurasa zilikuwa elfu moja na mia nne. Aliziandika katika chumba cha nyuma, juu ya meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, mbele ya dirisha linalotazama uwanja ambako mumewe, fundi friji, alikuwa amepanga friji za watu zikiwa zimefunguliwa migongo.

"Nakusikiliza," alisema.

Mtu huyo alijieleza. Alikuwa msimamizi wa mifumo wa hospitali, mmoja tu, hana msaidizi. Alfajiri ile diski ya seva kuu ilijaa. Rejista za wagonjwa zikagoma kufunguka, na wauguzi wakaanza kumpigia. Akatafuta mtandaoni namna ya kufuta kumbukumbu za zamani za hifadhidata ili apate nafasi, akapata maelekezo ya hatua tano, mafupi, mazuri. Akafuata. Alipomaliza hatua ya nne hifadhidata ilikufa. Aliiwasha ikakataa. Miadi, vipimo, dawa za watu mia mbili na kitu waliolazwa, vyote havionekani.

"Maelekezo hayo ni yako," alisema. "Nimetafuta mstari wake wa kwanza, umetokea neno kwa neno kwenye tovuti yako; sikusoma zaidi. Hata kosa la tahajia ni lilelile."

"Ulichukua bekapu kabla ya hatua ya nne?"

"Hayakusema nichukue bekapu."

"Yanasema!"

"Mama, ninayo hapa mbele yangu. Hayasemi."

Hasira ilimpanda Shangazi kama maziwa yanavyopanda kwenye sufuria, ghafla na kwa pamoja. Ukurasa ule aliukumbuka. Juu ya hatua ya nne kulikuwa na kisanduku chekundu kilichoandikwa ONYO, na ndani yake mstari mmoja: usiende mbele kabla hujachukua bekapu, nakala ya akiba, na kuijaribu kwenye mashine nyingine. Mstari ule aliuandika kwa sababu yeye mwenyewe, zamani, aliwahi kufuta bili za mji mzima.

"Nipigie picha unachokisoma unitumie," alisema. "Na usiguse kitu. Umenisikia, ndugu yangu? Usizime, usiwashe, usifute hata faili moja. Mtu yeyote akikuambia uwashe upya, mwambie akawashe jiko lake."

Picha ilifika. Mpangilio haukuwa wake. Rangi ilikuwa ya bluu, juu kulikuwa na nembo ya kampuni moja ya mafunzo ya kompyuta, na chini maneno haya: *Imeandaliwa na wataalamu wetu.* Kila kitu kingine kilikuwa chake. Mashine ya mfano ilikuwa ikiitwa "bata", kwa sababu katika kurasa zake zote mashine za mfano huitwa bata, kuku na kanga. Kosa la tahajia lilikuwa palepale alipoliacha. Kisanduku chekundu hakikuwepo. Hatua ya tatu iliingia moja kwa moja katika hatua ya nne, kama barabara iliyoondolewa daraja.

Alitamani kuitupa simu ukutani. Badala yake aliiegemeza kwenye kikombe, akaweka sauti ya nje, akavuta kibodi.

Walifanya kazi pamoja kwa saa sita. Alimuuliza maswali yaleyale aliyowauliza watu mia kabla yake, moja baada ya jingine, bila huruma. Bekapu ya mwisho ni ya lini? Ya wiki tatu zilizopita. Kwa nini wiki tatu? Kwa sababu diski ya bekapu nayo ilijaa. Uliomba nyingine? Niliomba mara nne. Kwa maandishi? Kwa maandishi. "Yatunze maandishi hayo," Shangazi alisema, "utayahitaji." Halafu akauliza swali lililowaokoa: kuna mashine nyingine yoyote, popote, hata ya kijinga, inayosoma data kutoka kwenye hiyo?

Yule wa hospitali akasema, "Maabara. Kuna kompyuta ya kuchapisha ripoti. Lakini imeharibika tangu juzi, hairipoti kitu."

"Imeharibika au imekatika mtandao?"

"Sijui. Nilikuwa sijapata nafasi ya kuiangalia."

"Nenda. Kabla ya kitu chochote, ng'oa waya wa mtandao."

Alikimbia, Shangazi alisikia viatu vyake kwenye sakafu, mlango, sauti ya mwanamke akiuliza kama mfumo umerudi, na yeye akijibu, "Bado, sista, bado." Kompyuta ya maabara ilikuwa nzima. Ilikuwa imekatika mtandao tu juzi mchana, na kwa kukatika huko ilibaki na nakala kamili ya kila kitu mpaka saa nane ya siku ile. Kama angeishughulikia kwa wakati, nayo ingeharibiwa asubuhi hiyo pamoja na mwenzake. Kuna siku uzembe humwokoa mtu. Shangazi alimwambia hivyo, na kwa mara ya kwanza yule bwana alicheka, kicheko kilichokaribia kuwa kilio.

Saa tisa alasiri rejista zilifunguka. Ilikosekana kazi ya siku moja na nusu, na wauguzi wakaanza kuiingiza upya kutoka kwenye karatasi za vitandani. Hakuna mgonjwa aliyekufa. Mmoja alipewa dawa aliyokuwa ameshapewa, akatapika, akapona. Yule wa hospitali alisimamishwa kazi jioni hiyohiyo.

"Shangazi," alisema kabla ya kukata simu, "samahani kwa nilivyoanza."

"Ulianza vizuri," alisema. "Ulikosea mtu tu."

Alipotoka uwanjani mumewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji moja, bisibisi mdomoni. Alimtazama usoni akaitoa bisibisi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ila atakufa." Akamsimulia yote, akitembea kati ya zile friji huku na huku. Mumewe alisikiliza. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika miaka ishirini na sita alikuwa amejifunza kwamba hasira ya mke wake haipozwi kwa gesi.

"Hiyo kampuni unaijua?" aliuliza.

"Ninamjua mkubwa wake wa maudhui. Picha yake iko kwenye tovuti yao, ametabasamu." Aliuma meno. "Ni Swali Moja."

Hata fundi friji alilijua jina hilo. Miaka tisa nyuma, tovuti ilipokuwa changa, palikuwa na mwanaume aliyeandika karibu kila siku, na kila mara alianza na "Shangazi, swali moja tu." Yakafika mia mbili na kumi na mawili. Shangazi alimfundisha kuanzia kubadilisha pasiwedi mpaka kujenga seva kutoka mwanzo, akamwandikia barua ya kumwombea kazi, na siku alipopata kazi hiyo alimtumia salamu ndefu zenye machozi. Halafu akakaa kimya. Watu wakishavuka hawaitazami tena mtumbwi; hilo Shangazi hakulilaumu. Lakini huyu alikuwa amerudi akaubeba mtumbwi wote, akatoboa sakafu, akawapandisha watu.

Kesho yake alikwenda. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne, zulia la kijivu, milango ya vioo, na ukutani picha za watu wanaotabasamu mbele ya kompyuta zilizozimwa. Binti wa mapokezi alimwuliza kama ana miadi. Shangazi alisema ana miadi elfu moja na mia nne. Akakaa. Baada ya nusu saa Swali Moja alitoka mwenyewe, mikono ameitanua, suti imemkaa vizuri.

"Mwalimu wangu! Mbona hukusema unakuja? Ingia, ingia. Maji? Chai?"

"Sikuja kunywa."

Alimpeleka katika chumba chenye meza ndefu. Shangazi alitoa karatasi mbili kwenye mkoba, akaziweka sambamba. Ukurasa wake. Ukurasa wao. Akaweka kidole mahali palipokuwa na kisanduku chekundu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Swali Moja aliangalia, akajikuna shingo. "Mwalimu, lazima uelewe. Wateja wetu hawataki kuogopeshwa. Walilalamika kurasa ni ndefu. Mtu ana haraka, anataka suluhisho kwa hatua tano. Kwa hiyo tuliweka programu inayoondoa visanduku vyote vyekundu. Si wewe peke yako, yaani, ni mpangilio tu."

"Mpangilio."

"Na tovuti yako mwenyewe imeandika, mbele kabisa: ujuzi huu ni wa wote, chukueni."

"Niliandika chukueni. Sikuandika chinjeni." Sauti yake ilikuwa imepanda, na nje ya kioo vichwa vikaanza kugeuka. "Jana kuna hospitali imekaa gizani nusu siku kwa sababu ya mpangilio wako! Mgonjwa kapewa dawa mara mbili! Mtu mwenye familia kasimamishwa kazi! Wewe niliyekufundisha mwenyewe, swali la thelathini na kitu, uliponililia kwamba umefuta faili za bosi wako, nilikwambia nini? Nilikwambia nini siku ile?"

Swali Moja alitazama mlango. "Bekapu kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi unajua. Afadhali ungekuwa hujui."

Akajaribu njia nyingine. Aliongea juu ya ushirikiano. Angeweza kumweka kwenye ukuta wao kama mshauri mkuu, picha kubwa, jina kamili. Vijana wangefurahi sana kumjua. Shangazi alimwacha amalize. Halafu akauliza ni lini kurasa hizo zitaondolewa, na Swali Moja akasema suala hilo litapelekwa kwenye kikao, na kikao kingekuwa mwezi ujao, Mungu akipenda.

"Usimtie Mungu kwenye kikao chako," alisema Shangazi, akachukua karatasi zake.

Alirudi nyumbani akiwa amenyamaza, na mumewe, aliyemjua, aliogopa ukimya huo kuliko kelele. Aliingia chumba cha nyuma, akafungua kitabu cha wageni wa seva yake, ile orodha inayoonyesha nani amepita wapi na saa ngapi. Haikumchukua muda. Kila asubuhi saa kumi na mbili kamili alikuja mgeni mmoja mwenye anwani ya kampuni ile, akapita kurasa zote elfu moja na mia nne kwa dakika tisa, akaondoka. Mashine yao. Ilikuwa ikinakili kila siku, bila mtu kuangalia inabeba nini.

Bila mtu kuangalia. Shangazi alilirudia neno hilo moyoni na likamwingia kama kileo. Maana yake alichokiandika leo, wao wangekichapisha kesho. Chochote.

Akachukua ukurasa mmoja unaosomwa sana. Akaandika ndani yake, katikati ya amri nyingine, amri moja fupi ambayo msimamizi mwenye haraka asingeishtukia, na ambayo ingefuta mashine nzima mpaka kwenye mfupa. Akaitega ionekane kwa mgeni wa saa kumi na mbili peke yake. Wasomaji wake wasingeiona. Wateja wa kampuni wangeinakili, wangeibonyeza, na ifikapo mchana Swali Moja angekuwa na simu mia za watu anaowaua. Akaisoma tena tangu mwanzo, akaiona tamu.

Mumewe aliingia na sahani ya matunda. Akamwonyesha kazi yake kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha panya aliyemnasa.

Fundi friji alisimama akiangalia skrini asiyoielewa. "Na wanaosoma kwao," alisema, "ni akina nani?"

"Wateja wao."

"Kama yule wa hospitali?"

Shangazi aligeukia skrini.

"Nauliza tu. Maana yeye alikuwa akisoma kwao."

"Toka," alisema Shangazi. "Toka na sahani yako. Kila mara unakuja na maneno yako matatu kuniharibia siku!"

Mumewe akatoka, ila sahani aliiacha. Shangazi alibaki na hasira yenye pande nyingi sasa: kwa Swali Moja, kwa kikao, kwa mume mwenye haki, na kwa mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye kiti hicho dakika chache zilizopita akifurahia kuzima seva za watu asiowajua. Aliusikia mwendo wa vile viatu vikikimbia kwenye sakafu ya hospitali. Akaifuta ile amri. Akaifuta na mahali alipoihifadhi. Kisha akala papai lote, kwa hasira.

Alipokuwa akila, akawaza kuhusu programu yao. Inaondoa visanduku vyekundu. Visanduku tu. Hatua haizigusi, maana wateja wanazitaka hatua. Akajifuta mikono.

Ikawa kazi ya jioni moja. Kwa mgeni wa saa kumi na mbili peke yake, kila ukurasa ulipata hatua mpya ya kwanza, si kwenye kisanduku, ila kwenye mstari wa kawaida wenye namba yake: *Hatua ya 1. Simama. Ukurasa huu umenakiliwa kutoka kwa mtu mwingine na maonyo yake ya usalama yamekatwa. Ukiufuata ulivyo unaweza kupoteza data zako zote. Ukurasa kamili uko hapa.* Na kiungo.

Saa mbili asubuhi iliyofuata maneno hayo yalikuwa kwenye kurasa elfu moja na mia nne za kampuni, kwa rangi yao ya bluu, chini ya nembo yao, na mwishoni: *Imeandaliwa na wataalamu wetu.* Saa tatu wasimamizi walikuwa wakitumiana picha. Saa tano tovuti ya Shangazi ilielemewa na wageni mpaka ikabidi afunge vitu vingine ili isilale. Saa sita Swali Moja akapiga simu, na safari hii hakusema mwalimu.

"Umetuharibia jina! Umeingia kwenye mfumo wetu! Nitakuletea mwanasheria!"

"Sijaingia kwenu hata kwa dirisha. Ninyi ndio mnaoingia kwangu kila asubuhi. Nimeandika kwenye ukuta wangu, mkasoma wenyewe kwa sauti. Mlete mwanasheria, na aje na swali moja tu."

Alasiri kurasa zote ziliondolewa. Mwanasheria hakuja. Msamaha nao haukuja. Kampuni ilitoa tangazo kuhusu "hitilafu ya kiufundi", na Swali Moja akahamishiwa idara nyingine, akiwa na suti yake.

Kwa hospitali Shangazi aliandika barua ya kurasa tatu. Aliambatanisha kurasa mbili zikiwa sambamba, na zile barua nne ambazo kwazo msimamizi wao aliomba diski ya bekapu asijibiwe. Sentensi ya mwisho ilikuwa kali mno. Mumewe alimwomba aipunguze, akakataa. Baada ya wiki mbili yule bwana akarudishwa kazini na onyo, na diski mpya.

Lakini kuna jambo halikumpa Shangazi raha, na hakulificha. Kwa nini onyo lilikuwa ndani ya kisanduku? Kwa sababu lilipendeza. Kitu kinachoweza kukatwa bila hatua kupungua, kilikuwa kimeshaning'inizwa pembeni na yeye mwenyewe. Wala si programu tu iliyoviruka. Wasomaji wenye haraka nao waliviruka, miaka yote, na yeye aliwagombeza. Akaanza kuvitoa, ukurasa mmoja baada ya mwingine, akiingiza kila onyo ndani ya hatua yake, liwe ni kazi ya kufanya na lipate namba. Yule wa hospitali alijitolea kumsaidia nyakati za mapumziko yake ya mchana. Alikuwa mwepesi kuona hatari; aliona hata zile ambazo Shangazi hakuziona.

Wasomaji wengine waliandika kumsihi amsamehe Swali Moja. Alikuwa mmoja wetu, walisema. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Shangazi aliwajibu wote kwa jibu moja, akaliweka mbele ya tovuti ambapo hakuna anayeweza kulikosa. Yajayo, aliandika, nayaganga kila siku kuanzia saa mbili asubuhi, na leo yako arobaini na matatu kwenye foleni. Hayo yaliyopita ni ndwele yangu mimi. Niachieni.

Kisha akafungua swali la kwanza kwenye foleni. Mtu alikuwa amefuta faili na hakuwa na bekapu. Akaanza kumgombeza.